Tumbo la Mama Mkubwa

Watu waliokuja msibani walikubaliana kwamba Geji amejikaza kiume. Hawakujua kwamba hakuna alichokuwa anakikaza. Alisalimia, alishika mikono ya watu, alionyesha mahali pa kupanga viti, na mkewe alipokuwa anateremshwa kaburini alijikuta anaangalia jinsi wateremshaji walivyokuwa hawaendi sawa, upande mmoja unatangulia mwingine. Akawaambia wa kushoto walegeze kidogo. Wakalegeza, jeneza likakaa sawa. Kisha akarudi nyumbani, akavua viatu, akavipanga mlangoni, na tangu siku hiyo akawa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: upo, unaonekana, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Binti yake, ambaye alikuwa muuguzi, alihamia kwa baba yake kwa kisingizio kwamba nyumba yake inapakwa rangi. Rangi ile haikukauka miezi. Kila akitoka kazini alimkuta baba mtu amekaa palepale alipomwacha asubuhi, redio inaongea peke yake. Akipewa chakula anakula, akisahauliwa hakumbushi. Binti alimuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Alimuuliza kama anamkumbuka mama, akafikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hajakinunua siku nyingi, akasema hajui.

Jina la Geji hakupewa na wazazi wake. Alipewa jeshini, enzi za ndege kubwa za mizigo, alipokuwa injinia wa ndege. Siku hizo ndege iliruka na injinia wake ndani. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya mabega ya marubani wawili, macho kwenye ukuta wa geji, vile vipimo vya duara vyenye mishale inayoonyesha mafuta, joto na msukumo wa oili, na mshale aliokuwa hauamini aliugonga kwa ukucha wa kidole cha shahada. Gongagonga yake ilisikika hadi kwenye hedifoni za wenzake, na jina likaganda hapo. Hata mkewe alimwita hivyo alipokuwa na furaha naye.

Asubuhi moja gari la kijeshi lilisimama mbele ya nyumba, akashuka Luteni, mwanamke wa rika la binti yake, mwenye miwani na sare iliyopigwa pasi ikanyooka. Aliamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kiti. Alieleza kwamba yeye ni wa kitengo cha historia cha jeshi la anga, kitengo ambacho, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa na watu wawili, na mmoja yuko likizo ya uzazi. Amekuja kwa ajili ya Mama Mkubwa.

Geji aliposikia jina hilo alinyanyua macho. Jeshini ndege ile ilikuwa na namba yake iliyopakwa mkiani, lakini waliomrusha walimwita Mama Mkubwa, kwa kuwa alikuwa mnene, mpole, mzito kuamka asubuhi, na hakuwahi kumkataa mtu. Alibeba saruji, alibeba mbuzi, alibeba vitanda vya hospitali, askari waliooa juzi na askari waliokuwa kwenye masanduku. Tangu wastaafu wote wawili, Geji hakuwahi kurudi kumwona.

Luteni alisema Mama Mkubwa bado yupo nyuma ya karakana kuu, majani yamemfika tumboni. Sasa kambi inataka kiwanja chake. Ndege zote chakavu zimeuzwa kwa mkandarasi wa vyuma, naye atakuja kuzikatakata. Luteni alikuwa ameomba, akazungushwa, akaomba tena, mwishowe akapewa chumba, bohari ya zamani ya miavuli, aifanye makumbusho. Chumba hicho hakiwezi kuingiza ndege nzima. Kinaingiza kichwa tu: pua na chumba cha marubani.

"Nahitaji mtu wa kutuonyesha pa kukata, Mzee," alisema. "Wakikata ovyo, kichwa chenyewe kitakunjika. Na kabla ya kukata ningependa kurekodi sauti zenu, ninyi mliofanya kazi ndani yake. Vijana wanaoingia jeshini sasa hawajui hata kwamba ndege iliwahi kuwa na injinia."

Aliuliza nani wengine wako hai. Geji akawahesabu kwa vidole. Wafanyakazi wa Mama Mkubwa walikuwa watano. Rubani msaidizi alikwenda na ugonjwa wa sukari. Mwelekezi, yule wa ramani, alianguka bafuni kwake akiwa mzee wa kutosha. Kapteni yupo, lakini kiharusi kilimnyang'anya maneno, siku hizi anasema "hapana" tu, hata akitaka kusema ndiyo. Wa mwisho ni Kamba, mpakiaji mizigo. Kamba anaishi upande wa pili wa mji, ana kitalu cha miche, na mdomo wake, kwa habari alizonazo Geji, haujastaafu.

Binti, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya pazia huku anajifanya anakunja nguo, alitegemea baba yake atakataa. Hakukataa. Kukataa kungehitaji maelezo. Alisema sawa, siku wakimhitaji watume gari.

*

Walipomfikisha Geji kambini, Mama Mkubwa alikuwa amelalia tumbo kama ng'ombe aliyechoka. Magurudumu yalikuwa yameisha pumzi. Vioo vya mbele vilikuwa na ukungu wa miaka, na ndege wa angani walikuwa wamejenga kwenye mdomo wa injini ya kulia. Geji alimzunguka taratibu, mikono nyuma, na Luteni alimfuata akiwa tayari kumpa kitambaa kama mzee atalia. Geji aligusa ubavu wa ndege, akasema rangi hii si ile ya asili, wamempaka juu ya kutu. Hayo tu.

Kamba alishafika. Alikuwa mrefu na mkavu, kofia ya majani kichwani, udongo wa kitalu kwenye kucha. Walikumbatiana. Kamba alimshika Geji mabega akamwambia pole kwa shemeji yangu, sikuweza kufika msibani, nilikuwa nimelazwa. Geji akasema ahsante, kama alivyowaambia wengine wote, na Kamba akamtazama kidogo zaidi ya kawaida.

Kilichomkera Kamba hakikuwa uzee wa ndege. Kilikuwa ule mpango wa kichwa. Alimwambia Luteni, kwa heshima lakini bila kupunguza sauti, kwamba huko mbele ilikuwa ofisi. Watu wa mbele walikaa kwenye viti, wakanywa chai, wakatazama mawingu. Ndege ya mizigo ni tumbo. Kazi yote ilifanyika tumboni: humo ndimo mizigo ilimofungwa, humo watu walitapika, waliomba, walizaa.

"Unamkata Mama Mkubwa kichwa, binti yangu, unakiweka kabatini. Tumbo unapeleka kwa muuza vyuma. Sasa mtakuwa mmehifadhi nini?"

Luteni hakubishana. Alimpeleka kwenye bohari ya miavuli, akampa ncha moja ya utepe wa kupimia, wakapima pamoja, kisha wakapima tena kwa kuwa Kamba hakuamini. Ukuta haukusogea. Kamba aliukunja utepe mwenyewe, akamrudishia, akatoka nje akasimama amempa mgongo.

Geji alifanya alichoitiwa. Aliingia ndani na tochi, akafungua vifuniko vya sakafu, akaonyesha zilipopita nyaya za kuongozea mkia, ambazo zikikatwa zikiwa zimekazwa zinaweza kumrukia mtu na kumtoa jicho. Alionyesha mabomba yenye mafuta ya haidroliki ndani yake. Kisha akachukua chaki, akachora mstari kuzunguka mwili wa ndege, nyuma kidogo ya mlango wa chumba cha marubani, mahali palipokuwa na mbavu mbili za chuma zilizokaribiana, ili kichwa kikisimama peke yake kiwe na kitu cha kukishikilia. Mstari ulinyooka. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo, kati ya mambo yote ya siku ile, ndilo lililomshangaza. Alikuwa anamchorea Mama Mkubwa pa kuchinjiwa, na moyoni hamna kitu.

Mchana Luteni alimketisha kwenye kiti chake cha zamani, mbele ya ukuta wa mishale, akamwekea kinasa sauti mapajani. Alimwomba asimulie safari ya mafuriko. Hiyo ndiyo safari ambayo kila aliyepita kikosi kile alikuwa ameisikia kwa mbali: mto ulipovunja kingo, mji mzima wa bondeni ukazama, ikabaki njia ya kurukia ya nyasi tu, na maji yanaila pembeni.

Geji alisimulia kama anasoma taarifa. Walitua asubuhi. Walipakia watu. Uzito ulizidi kiwango. Injini ya kulia ilikuwa na joto la juu. Njia ilikuwa fupi na yenye tope. Kapteni alimuuliza kama ndege itanyanyuka, akajibu itanyanyuka. Waliondoka salama.

Luteni alisubiri. Kinasa sauti kikaendelea kurekodi upepo.

"Ulijisikiaje, Mzee?"

"Nilikuwa naangalia joto la injini," alisema Geji.

*

Siku ya kukata, mkandarasi alileta kreni, trela, na mafundi wenye misumeno ya umeme. Walikuwa watu wa utani, wanaita ndege ile bibi yao, wanagombea nani ataanza. Nyaya zilishalegezwa, mafuta yalishamwagwa. Msimamizi wao alikuwa anavaa glovu aliposikia kikohozi ndani ya ndege.

Kamba alikuwa ameingia alfajiri kupitia mlango mkubwa wa nyuma, ule unaoshuka kama daraja, akiwa na kigoda na chupa ya chai. Alikuwa amekaa katikati ya tumbo, miguu imenyooshwa. Msimamizi alimwambia mzee tunaomba utupishe. Kamba akamjibu kwamba yeye hajamzuia mtu kufanya kazi, wakate tu, watamkuta.

Habari ikamfikia Luteni. Angeweza kuita askari wawili wakambeba, na msimamizi alimshauri hivyo, kwa kuwa kreni ilikuwa inasubiri. Luteni alikataa. Alisema hawezi kuanzisha makumbusho ya watu kwa kuwatoa wenyewe wamebebwa juujuu. Akamgeukia Geji.

"Mzee, tafadhali. Kaongee naye."

Geji alipanda. Tumboni mlikuwa na kiza cha uvuguvugu, mwanga unaingia kwa vidirisha vya duara kama sahani za chai. Tangu aingie jeshini hadi alipotoka, alipita humo kila siku akielekea mbele, lakini alikuwa hajawahi kukaa. Kamba alimsogezea kigoda, yeye mwenyewe akakaa sakafuni.

"Wamekutuma," alisema Kamba.

"Wamenituma."

"Basi kunywa chai kwanza."

Walikunywa kwa zamu kwenye kifuniko cha chupa. Kamba alisema hana wazimu. Anajua tumbo halitapona. Kinachomuuma ni kwamba amesikia walivyorekodiwa: Geji kitini mbele, mtoto wa Kapteni akimsemea baba yake huko nyumbani, yeye Kamba wakamrekodi ofisini kwa Luteni, kwenye kiti cha plastiki, feni inazunguka. Akajaribu kusimulia, hakumbuki. Maneno yalikuwa hayana pa kushika. Lakini leo alipoingia humu gizani, akaweka mkono kwenye hizi pete za kufungia mizigo, alimkumbuka kila mtu.

Geji alikwenda mlangoni akamwita Luteni, akamwambia aje na kile kinasa sauti chake. Msimamizi aliangalia saa. Luteni alipanda mbio hata kofia ikamdondoka.

Kamba alisimama. Alianzia mlango wa nyuma, akawa anatembea kuelekea mbele, polepole, na kila alipofika alisimama na kuonyesha kwa kiganja, kana kwamba wapo.

"Hapa alikaa mama mmoja na cherehani. Nilimwambia mama, hiyo ni nzito, iache. Akanitazama kama nimemwambia aache mtoto. Nikaona heri nitupe vitu vyangu. Nikatupa viti, nikatupa neti za mizigo, nikatupa sanduku la spana la huyu bwana, na mpaka leo ananinunia." Alimwonyesha Geji kwa kidevu. "Hapa walilala wagonjwa, kichwa huku, miguu kule, kwenye milango ya nyumba iliyong'olewa. Hapa palikuwa na mzee asiyeona. Alikuwa ananiuliza kila saa tumefika, na hatujaondoka bado. Hapa, chini ya hiki kidirisha, watoto wa shule wamevaa sare zao. Sijui nani aliwavalisha sare siku kama ile. Nadhani mwalimu wao alitaka wasipotee."

Alisogea.

"Watu walipoingia wote walibaki huku nyuma, wamenikamata, wanataka wawe karibu na mlango. Ndege ya namna hiyo hainyanyuki, binti yangu. Mkia unakuwa mzito, anakaa kitako. Nikawaambia sogeeni mbele. Hakuna aliyesogea. Nani asogee gizani ndani ya kitu asichokijua? Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Injini zinanguruma, maji nayaona kwa mlango yanakuja. Ndipo kwenye hedifoni nikasikia Kapteni anauliza, Geji, atanyanyuka? Na huyu akajibu, atanyanyuka."

Luteni alikuwa amekishika kinasa sauti kwa mikono miwili.

"Nikavua hedifoni nikawageukia watu. Nikawaambia, injinia amesema atanyanyuka. Anasema mje mbele. Yule mzee asiyeona ndiye aliyeanza. Alisema kama injinia amesema, twendeni. Wakaja. Wakajibana mpaka hapa, mpaka kwenye mlango wa ofisi, wamekumbatiana, watu wasiojuana. Mama wa cherehani amemweka mtoto wa mtu juu ya cherehani. Na wakanyamaza. Nimebeba watu wengi, sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakinyamaza. Tukakimbia kwenye tope, tukakimbia, nikahisi magurudumu yanaacha ardhi, yanaigusa tena, yanaiacha. Hakuna aliyeshangilia. Walibaki vilevile mpaka tunatua."

Kamba alikuwa amefika kwenye mlango wa chumba cha marubani. Aliweka kiganja juu ya mlango. Upande wa pili wa mlango ule, kwa kipimo cha mkono mmoja, ndipo kilipokuwa kiti cha Geji. Miaka yote Geji alikuwa ameibeba safari ile kama joto la injini na urefu wa njia. Hakuwahi kujua kwamba wakati anatazama mishale, mji mzima ulikuwa umeegemea mgongoni kwake.

Luteni alizima kinasa sauti. Alijifuta miwani, akasema ahsanteni wazee wangu, halafu akashuka kwenda kumtuliza msimamizi, na wale wawili wakabaki.

"Sikuwa na hakika," alisema Geji. "Ule mshale wa joto ulikuwa umepita kwenye nyekundu. Nilisema tu."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Ungekuwa na hakika usingesema kitu. Ungegonga geji yako, sote tukaelewa. Ulivyojibu kwa maneno, nikajua huyu hajui." Kamba alicheka kifuani. "Lakini wao hawakukujua. Wao walisikia injinia."

Nje, mtu alijaribu msumeno, ukalia, ukanyamaza. Geji alikaa kwenye kigoda. Alizungusha kifuniko cha chupa mikononi, na aliposema, alisema kwa sauti ileile ya taarifa.

"Mama watoto naye aliniuliza. Hospitali, asubuhi, wamemaliza kumbadilisha mashuka. Akaniuliza, Geji, nitarudi nyumbani? Daktari alikuwa ameshaniita pembeni. Nikamwambia utarudi."

Kamba alikusanya chupa, akamwaga matone ya mwisho ya chai sakafuni.

"Akatulia?"

"Akatulia."

"Alikujua, huyo," alisema Kamba. "Hakuwa abiria."

Geji aliitazama sakafu ya bati, yenye mikwaruzo ya miaka ya masanduku. Hilo alikuwa hajalifikiria, kwamba mkewe, aliyeishi naye tangu meno yake yote yalipokuwa kinywani, alikuwa anaijua ile sauti vizuri kuliko Kamba. Kwamba labda alitulia akiwa anajua. Alingoja aone kama wazo hilo litamletea chozi. Halikuleta. Lilikaa tu, zito, mahali ambapo kwa miezi hakukuwa na kitu.

"Twende," alisema, akampa Kamba mkono kumnyanyua.

Walishuka pamoja kupitia mlango wa nyuma. Msumeno ulifuata mstari wa chaki, cheche zikaruka, na kichwa cha Mama Mkubwa kikaning'inia kwenye minyororo ya kreni, nyaya zinaning'inia nyuma yake. Kamba alilia waziwazi, kofia usoni. Geji alisimama kando yake akimwelekeza mtu wa kreni kwa mkono, kushoto, kushoto kidogo, teremsha. Kichwa kikakaa kwenye trela bila kukunjika. Jioni ile tumbo lilikuwa vipande vinavyoweza kubebwa na watu wanne.

*

Makumbusho yalifunguliwa baada ya mvua. Kulikuwa na hotuba, na Kapteni aliletwa kwenye kiti cha magurudumu akiwa na medali zake zote, akasinzia kabla kamanda wa kambi hajamaliza kusalimia wageni. Mkewe alimrekebishia kola, akamwacha alale. Alipoamka aliitazama pua ya ndege, akasema hapana, hapana, kwa uso wa mtu aliyefurahi.

Luteni alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kwa kuwa nyuma ya mlango wa marubani sasa kulikuwa na ukuta wa bohari tu, alificha spika huko. Mgeni akikaa kwenye kiti cha injinia, anasikia nyuma yake nyayo za mtu anatembea juu ya bati, na sauti ya Kamba inasema hapa alikaa mama mmoja na cherehani. Kiti hicho Geji aliombwa akikalie wa kwanza. Alikaa. Alisikiliza mpaka mwisho, mgongo umenyooka. Luteni, aliyechungulia kwa dirisha la pembeni, aliona kidole cha mzee kinagonga kioo cha geji ya oili, taratibu, na mshale wake uliokufa zamani haukwenda popote.

Mtoto mmoja wa shule aliuliza mwili wa ndege uko wapi. Askari aliyekuwa zamu alisema umeyeyushwa, umekuwa sufuria. Luteni alimtazama vibaya, lakini Kamba alifurahi. Alisema hayo ndiyo maisha yanayomfaa Mama Mkubwa, bora jikoni kwa watu kuliko kabatini.

Sherehe ilipoisha wazee wawili walikaa kwenye ukingo wa barabara ya kambi wakisubiri gari la kuwarudisha. Jua lilikuwa kali, wakavua makoti. Kamba aliuliza kesho unafanya nini. Geji akasema hafanyi kitu. Keshokutwa je? Vilevile.

"Mimi pampu yangu ya kisima inasumbua," alisema Kamba. "Inalia kama ina kitu ndani. Miche itanifia."

Geji alisema hajagusa spana muda mrefu, na sanduku lake, Kamba mwenyewe anajua alikolitupa. Kamba akamwambia atamwazima la kwake.

Kesho yake binti alirudi kutoka zamu ya asubuhi akakuta kiti kitupu na redio imezimwa. Aliuliza majirani, wakasema mzee amepanda pikipiki, ameulizia njia ya kwenda kwenye vitalu. Alipompigia simu, baba yake alipokea baada ya muda, akasema kwa kifupi kwamba yuko kazini, mikono ina grisi, atapiga baadaye.

Pampu haikuwa na ubaya wowote. Geji alilijua hilo alipoizungusha kwa mkono mara ya kwanza, na Kamba, aliyekuwa anamwagilia miche huku amempa mgongo, alijua kwamba amejua. Geji aliifungua hata hivyo. Alitandika gunia, akapanga bolti kwa mpangilio wa zilivyotoka, akasafisha kila kipande kwa mafuta ya taa, akabadilisha mpira mmoja ambao ungekaa miaka mingine mingi bila kubadilishwa. Kisha akaifunga, akaiwasha, akachuchumaa kando yake kusikiliza. Maji yalikuja. Alibaki amechuchumaa hapo hadi magoti yakaanza kumuuma, akasimama.